Msamaha Nilioutangaza Kanisani

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwa hiyo nimezoea kusema neno la mwisho na watu kunyamaza. Nasema haya mapema ili asije mtu akadhani anasimuliwa na mzee mpole. Nilipostaafu nilijenga Makambako, si mbali na barabara kuu, na kwa kuwa nilikuwa na sauti na sikuogopa kusoma mbele ya watu, jumuiya yetu ya sala ikanifanya mwalimu wa Biblia. Tulikutana kila Jumatano jioni sebuleni kwa mmoja wetu. Tulikuwa tumepanga kusoma habari za kiburi, unyenyekevu na msamaha. Mada hizo nilizichagua mwenyewe, maana niliona kuna watu mle ndani wanaozihitaji.

Shamba langu la miti liko kijijini tulikozaliwa, upande wa Kifanya. Zilikuwa ekari tano za misindano, niliyoipanda kwa mkono wangu likizo baada ya likizo, na nikipata mgeni nilimpeleka akaione hata kama hakuomba. Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, hakuwahi kuhama kijijini. Shamba lake la mahindi na viazi linapakana na langu upande wa chini, linashuka hadi kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima wakati wa kiangazi. Wazazi walitugawia wenyewe wakiwa hai na hatujawahi kugombania mpaka. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, na ndiye aliyekuwa akinipigia simu kuniambia nyasi zimezidi kwenye misindano, njoo ufyeke.

Huku kwetu, kabla ya mvua za kwanza, watu huchoma mashamba ili kuyasafisha. Si jambo la kificho. Unawatangazia majirani siku, unalima njia ya moto pembezoni, yaani ukanda wa udongo mtupu usio na hata jani, na siku ya kuchoma watu wanakuja kusimama pande zote na matawi mabichi mkononi. Dada aliyafanya yote hayo Jumanne moja ya mwezi wa kumi. Alhamisi yake mchana, misindano yangu ikaungua. Mimi nilikuwa Makambako. Nilipofika, jua likiwa bado halijazama, nilikuta vijiti vyeusi vimesimama mstari kwa mstari, na watu wamekaa pembeni wamechoka, nyuso zimejaa masizi. Dada alikuwa mmoja wao.

Sikumsalimia wala pole sikumpa. Nilimwambia, "Umenimaliza."

"Moto wangu niliuzima Jumanne saa tisa," akasema. "Watu walikuwepo, waulize. Jumatano asubuhi nilirudi nikashika majivu kwa kiganja, yalikuwa ya baridi. Na leo upepo ulikuwa unatoka juu kwako unakuja chini kwangu. Moto wangu ungepandaje mlima kupigana na upepo?"

"Moto haujui juu wala chini," nikamjibu.

Jibu hilo halina maana yoyote. Nilijua hivyo hata wakati nalitamka, lakini nilikuwa nimeshalitamka kwa sauti ya darasani, na watu walikuwa wanasikiliza. Aliyekuwa amechoma shamba wiki ile ni yeye peke yake. Nani mwingine angeleta moto? Kijiji kizima kilihesabu hivyo hivyo, nami sikuona sababu ya kuhesabu upya.

Sisi Walutheri wa kijijini kwetu ni mtaa mdogo, tawi tu la usharika. Anatuongoza mwinjilisti, na mchungaji huja kutoka usharikani kila baada ya miezi miwili hivi kutupa Meza ya Bwana. Kabla ya siku hiyo wazee wa kanisa huuliza kama kuna waliokosana, kwa sababu ya yale mafundisho ya Yesu juu ya mtu aliyefika na sadaka yake madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake: aiache pale pale, akapatane kwanza. Mimi nikawapelekea wazee habari ya dada yangu. Niliwapelekea nikiwa nimevaa koti, kama mtu anayefanya wajibu. Wakamwita, wakamwambia aniombe radhi, mambo yaishe.

Akakataa. "Siwezi kutubu kitu ambacho sikukifanya," aliwaambia. "Nikitubu uongo mbele ya Mungu, hapo ndipo mtakuwa mmenitia dhambini."

Basi wakamwambia akae kwanza, asije mezani hadi atakapopatana na ndugu yake. Dada yangu hakubishana. Kila mchungaji alipokuja, watu waliinuka benchi kwa benchi kwenda mbele kupiga magoti, naye akavuta miguu kuwapisha, akabaki amekaa. Na kuna jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani: yeye ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu, kazi aliyoirithi kwa mama yetu. Aliendelea kuifanya. Alifua kitambaa cheupe cha meza ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuikaribia, akakitandika Jumamosi, na Jumapili akakitazama kutoka kwenye benchi.

Miezi ikapita hivyo. Mimi kule Makambako nikawa nimefika kwenye masomo ya msamaha. Nilifundisha habari za Yusufu na kaka zake, jinsi walivyomuuza na jinsi alivyowalisha baadaye bila kuwalipizia. Nilifundisha vizuri, hata mama mmoja akalia. Nikiwa narudi nyumbani nikajiona mnafiki kidogo, maana mimi sikuwa nimemsamehe dada yangu. Wengine wangeanza kwa kumpigia simu. Mimi niliona nifanye jambo lenye uzito.

Jumapili ya sikukuu ya mavuno nilisafiri kwenda kijijini. Watu walikuwa wameleta magunia ya mahindi, viazi, kuku waliofungwa miguu. Kanisa lilijaa. Baada ya matangazo nikaomba nafasi, nikashika kipaza sauti, nikasema kwamba mbele ya Mungu na mbele ya usharika huu namsamehe dada yangu kwa moto aliouachia ukachoma miti yangu, na kwamba kuanzia leo sina kinyongo. Nikaongeza mstari mmoja au miwili juu ya Yusufu. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mzee mmoja akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

Dada hakupiga makofi. Hakuinuka. Alikuwa anaangalia mbele tu, mikono mapajani. Nikasema moyoni, huyu ana kiburi kweli. Lakini nilijisikia vizuri, siwezi kuficha. Hata Makambako habari ilifika, na Jumatano iliyofuata mtu akaniambia, "Mwalimu, wewe una moyo mkubwa." Nilikaa na maneno hayo wiki nzima.

Wazee wakamwambia dada kwamba sasa njia iko wazi, ndugu yako amekusamehe, njoo mezani. Akawajibu kwa kifupi: "Nikienda leo, nimekubali kwamba nilimchomea." Akaendelea kukaa. Kabla ya msamaha wangu kulikuwa na watu wachache waliosema huenda moto ule haukuwa wake. Baada ya msamaha wangu hawakuwepo tena, maana nani anasamehewa bila kukosa?

Nikapanda upya. Mwaka wa pili wa kupanda, mwezi wa kumi, nilikwenda kukaa kijijini wiki nzima kuandaa mashimo, nikafikia kwa binamu yetu. Pembeni ya shamba, upande wa juu, kuna visiki vya miwati ya zamani, miti iliyopandwa tangu enzi za baba. Visiki hivyo ni vigumu kung'oa, kwa hiyo mimi huvichoma. Unarundika vijiti juu yake, unawasha, kikishaingia moto ndani unafukia kwa udongo, unakanyaga kwa buti, basi. Ndivyo baba alivyofanya na ndivyo ninavyofanya. Nilichoma kimoja Jumatatu, nikakifukia, nikaendelea na mashimo yangu.

Siku nne baadaye, Ijumaa asubuhi, niliona moshi mwembamba unatoka ardhini, hatua kumi hivi kutoka pale kwenye kisiki, katikati ya nyasi kavu. Nikakimbia na jembe. Nilipochimba nikakuta mzizi umeungua wote kwa ndani umebaki bomba la majivu, na mwisho wake ukiwa mwekundu, umeshagusa mizizi ya nyasi. Nikafuata lile bomba kwa jembe hatua kwa hatua hadi nikafika kwenye kisiki changu. Moto ulikuwa umetembea chini kwa chini siku nne, na juu udongo umetulia kabisa, na alama za buti langu zipo.

Nikakumbuka. Jumamosi ile, kabla ya Jumanne ya dada, nilikuja kijijini kwa siku moja. Nilichoma kisiki upande huu huu wa juu, nikafukia, nikakanyaga, nikawahi gari la Makambako. Kutoka Jumamosi hadi Alhamisi ni siku tano. Na upepo siku ile ulitoka juu.

Nilikaa chini kwenye udongo. Hakukuwa na mtu. Ningeweza kufukia lile bomba, nikapanda msindano juu yake, na hakuna ambaye angejua hadi nakufa. Ndicho nilichofanya siku ile: nilimwaga maji, nikafukia, nikasawazisha vizuri, nikarudi kwa binamu nikala ugali na maharage. Aliniuliza mbona leo kimya, nikasema mgongo.

Wiki tatu nilinyamaza. Na ratiba ya jumuiya haikungoja, ikafika zamu ya Naamani, yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma. Aliambiwa na nabii akajichovye mara saba katika mto Yordani, akakasirika, kwa sababu alitaka nabii atoke nje, asimame, amwite Mungu wake kwa kishindo na kupunga mkono; watumishi wake ndio waliomtuliza hadi akaenda mtoni akapona. Nikaeleza kwamba Naamani hakukataa kupona. Alikataa kupona bila heshima. Nilikuwa nimeipenda sana sentensi hiyo wakati naiandika. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni akainua mkono: "Mwalimu, je, kama Naamani hangekuwa na wale watumishi wa kumwambia ukweli? Angerudi kwao na ukoma wake?"

Nikamwambia ni swali zuri, tutaliangalia wiki ijayo. Sikulala vizuri. Jumamosi nikapanda basi hadi Njombe, kisha bodaboda hadi kijijini.

Dada alikuwa nyuma ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda anachambua viazi vya mbegu, vilivyoanza kuchipua anaweka huku, vilivyooza anatupa kule. Tangu siku ya msamaha wangu tulikuwa tunasalimiana tu tukikutana njiani.

"Kamwene," nikamwamkia kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene. Kaa hapo."

Nikakaa juu ya gunia. Nikamweleza kila kitu: kisiki cha Jumatatu, moshi wa Ijumaa, kisha ile Jumamosi ya zamani. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza akaokota kiazi, akakigeuza, akakitupa upande wa vibovu.

"Umejua lini?" akauliza.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," akarudia. Halafu nikaona kidevu chake kinatetemeka. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Ningefurahi angenitukana.

"Dada, nimekosa. Nisamehe. Nitakwenda kwa wazee na mwinjilisti, nitawaeleza wanirekebishie."

"Wewe ulinisamehe wapi?"

"Kanisani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Mimi sikukaa kwenye benchi kwa siri, mdogo wangu. Nimekaa miaka miwili, watoto wadogo wananiuliza, bibi, mbona wewe huendi? Sasa unataka ukaniinue ofisini kwa wazee?" Akaokota kiazi kingine. "Mchungaji anakuja Jumapili ijayo. Kama unakuja, njoo. Kama huji, viazi vyangu vinaningoja."

Wiki ile nilipata kila sababu ya kutokwenda. Mafua, mvua, mgeni wa Makambako aliyesema huenda akafika. Niliwaza pia watu wa jumuiya watakavyosema, maana habari zingefika tu kama ile ya kwanza ilivyofika. Kilichonipeleka mwishowe si utakatifu. Ni kwamba kila nilipofumba macho niliona kile kidevu kinatetemeka.

Jumapili nilisimama mbele na kipaza sauti kile kile. Nilikuwa nimeandika. Nikaanza kueleza jinsi mizizi ya muwati inavyoshika moto, tofauti yake na ya mikaratusi, jinsi hewa inavyopita ndani, na nilikuwa naelekea kwenye aina za udongo wakati mzee mmoja wa kanisa alipokohoa na kusema, "Mwalimu, mizizi tumeielewa. Sema lililokuleta."

Watu wakacheka kidogo. Nikakunja karatasi. Nikasema: "Moto ulikuwa wangu. Niliuwasha mimi. Dada yangu hakukosa. Nilimsingizia, halafu nikamsamehe kosa langu mwenyewe mbele yenu, mkanipigia makofi. Nimemkalisha miaka miwili bila Meza ya Bwana. Dada, naomba unisamehe."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Wote waligeuka kumwangalia. Dada akasimama pale pale alipokuwa, akanitazama, akasema, "Nimesikia. Kaa, ibada iendelee."

Nikakaa benchi la nyuma. Nilikuwa nimetegemea neno jingine. Nilikuwa nimejiona katika mawazo yangu tukikumbatiana katikati ya kanisa, watu wakilia. Alisema tu amesikia.

Ulipofika wakati wa meza, mchungaji akamwita dada kwa kumtazama, naye akainuka. Alitembea polepole, maana magoti yanamsumbua. Mimi sikuinuka. Niliona sistahili, kwa kuwa aliyekosewa hajatamka kwamba amenisamehe, na nimewafundisha watu miezi mizima kwamba mtu apatane kwanza. Niliinamisha kichwa. Nilipoinua macho mara moja, nikaona safu imepiga magoti, na upande wa kulia wa dada kuna pengo la mtu mmoja. Nikafikiri, hata leo kuna anayesita kupiga magoti karibu naye, na hilo nalo ni kosa langu. Nikainamisha tena kichwa. Nilijihisi mnyenyekevu kuliko siku zote za maisha yangu.

Baada ya ibada nilimkuta kwenye ngazi za kanisa, anabadilisha viatu vya ibada kuvaa vya kutembelea.

"Mbona hukuja?" akaniuliza.

"Wapi?"

"Mezani."

"Nilikuwa nangoja uniambie umenisamehe. Umesema umesikia tu."

Akaacha kiatu. Akanitazama jinsi alivyonitazama nilipokuwa mdogo nimerudi kutoka kisimani na ndoo tupu.

"Wewe ndiye wa kutangaza," akasema. "Mimi siwezi mambo hayo. Jirani yangu alitaka kupiga magoti kulia kwangu nikamzuia, nikamwambia hapa ni pa mdogo wangu. Mchungaji amefika na mkate, nikamwambia, mchungaji, subiri kidogo, kuna mtu anakuja. Amesubiri. Kanisa zima limesubiri. Wewe ulikuwa umejiinamia kule nyuma."

Akamalizia kufunga kiatu, akaniomba mkono nimwinue, nikamwinua. Uwanjani mchungaji alikuwa ameshawasha gari. Kwetu angerudi baada ya miezi miwili.